Kisu cha springi kikikugomea: anzia kwenye dalili, rudi nyuma mpaka kwenye chanzo

Nianze na hiki maana ndo kinachopotezea watu muda mwingi: tatizo la kisu ulichojitengenezea kwa springi ya gari mara nyingi halikuanzia pale ulipoliona. Makali yanamegeka jikoni leo kumbe kosa lilifanyika wiki iliyopita kwenye moto, mpini unacheza kumbe ubao ulikuwa mbichi, kisu kinapata kutu ndani ya ala kumbe kosa lilianzia dukani siku uliponunua ngozi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nitarudi nayo nyuma hatua moja moja, na wewe ukiwa na kisu mkononi fanya hivyo hivyo kabla hujaanza kunoa upya kwa hasira.

Mi nafanyia kazi uani nyumbani. Moto wangu ni ringi ya gari iliyojazwa udongo na mkaa na blowa ndogo chini yake, fuawe ni kipande cha reli, af nina jiliwa, grenda, drili na tupa za kila aina. Chuma ni springi za gari zile bapa, nachukua kwa wauza skrepa pale Gerezani, Dar es Salaam. Springi za namna hiyo mara nyingi ni chuma cha familia ya 5160 ya Kimarekani au SUP9 ya Kijapani, kaboni kama 0.6% hivi na kromiamu kidogo, na hicho ni chuma kizuri sana kwa anayeanza kwa sababu kinasamehe. Nitakachosema kuhusu moto kinahusu chuma hicho.

Kisu hakishiki makali, unanoa asubuhi jioni kimekuwa butu

Usinoe tena. Chukua tupa kali, ipitishe taratibu kwenye makali bila kukandamiza. Tupa ikiteleza kama unakwaruza kioo, chuma kimekomaa, yaani kimekuwa kigumu. Ikila, ikatoa unga, chuma ni laini na hata ukinolea jiwe la bei gani hutafika popote. (Kipimo hiki kifanye mara tu kisu kikitoka kwenye mafuta ya kukipozea, kabla hujakirudisha kwenye moto mdogo, ule wa nyuzi 200 wa kukilegeza kisivunjike, maana baadaye kinalegea kidogo na jibu halitakuwa wazi.)

Sasa tuseme imekula. Sababu zipo nyingi ila mi huzifuata kwa mpangilio huu.

Kwanza, je ni chuma chenyewe? Nondo na flatiba za dukani zina kaboni ndogo, hazikomai hata uzichemshe vipi, na watu wengi wamepoteza mwezi mzima wakitengeneza panga zuri la nondo. Na tupa za bei rahisi siku hizi nyingine ni ngumu ngozi tu, ndani ni chuma laini, ukishasaga meno yakaisha umebaki na kitu cha kufungulia makopo. Dawa ni kukata kipande kidogo cha urefu wa kidole kabla hujaanza kazi, kipashe moto mpaka chekundu kweli, kitumbukize kwenye maji, halafu kibane kwenye jiliwa ukipige nyundo (vaa miwani). Kikipinda, chuma hicho peleka kwa fundi mageti. Kikikatika kama biskuti, ni chako. Dakika kumi tu hizi na zinaokoa siku nne.

Pili, moto haukutosha. Hapa ndo pamejaa makosa kuliko kwingine kote. Macho yanadanganya, mchana wa jua kali chuma chekundu kinaonekana cheusi na usiku chuma ambacho hakijafika kinaonekana kimeiva. Fanya kazi kivulini au jioni, na uwe na sumaku imefungwa kwenye waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku inaacha kushika, lakini hapo bado hujafika, wengi wanatumbukiza hapo hapo na ndo maana kisu kinatoka nusu nusu. Springi inataka 830 mpaka 850, yaani baada ya sumaku kuacha endelea kidogo mpaka rangi isogee kuelekea chungwa. Kuna kipimo kingine nakipenda sana, chumvi ya jikoni. Chumvi inayeyuka kwenye 801, kwa hiyo nyunyizia punje chache kwenye bapa la kisu, zikikaa kavu bado, zikiyeyuka zikang'aa kama jasho hapo umevuka sumaku na unakaribia, mpe chuma muda kidogo wa kusawazisha joto halafu kizime, yaani kitumbukize kwenye mafuta.

Nakumbuka jioni moja nilivyoliona hilo kwa karibu. Kisu cha jikoni, bapa jembamba, nakisukuma na kukivuta kwenye mkaa ili ncha isiungue. Kuna kivuli cheusi kikawa kinatembea ndani ya wekundu, kama wingu dogo, kinatoka mgongoni kinashuka kuelekea makali halafu kinapotea. Hicho kivuli ni chuma chenyewe kinabadilika ndani. Tangu siku hiyo nakisubiri kipite chote ndo natoa, na sijapata tena kisu chenye ncha ngumu na tumbo laini.

Tatu, mafuta. Mafuta ya kula yanafaa kabisa, lita nne tano kwenye chombo kirefu cha bati, lakini yawe ya uvuguvugu, nyuzi 50 hadi 60, tumbukiza kipande cha chuma cha moto kwanza uyapashe. Mafuta ya baridi ni mazito, yanapoza chuma polepole. Oili chafu ya gari achana nayo, moshi wake una sumu na mnapika uani hapo hapo. Na kutoka kwenye moto mpaka kwenye mafuta isizidi sekunde mbili, makali ni membamba yanapoa ukiwa bado unatafuta pa kukanyaga. Weka chombo karibu na mguu wako, mfuniko wa bati pembeni na ndoo ya mchanga. Mafuta yakiwaka funika. Maji usimwage kamwe.

Nne, na hii inachanganya watu: tupa inakula juu lakini ukisaga kidogo inaanza kuteleza. Hapo chuma kimekomaa vizuri, ni ngozi ya juu tu imepoteza kaboni kwa kukaa muda mrefu kwenye moto wenye upepo mwingi. Usikirudishe kwenye moto. Saga nusu milimita kila upande utaikuta sehemu ngumu. Na safari ijayo punguza blowa, moto uwe mzito usio na upepo wa ziada.

Umesikia "ti!" ndani ya mafuta

Pole sana. Mlio huo ni ufa. Hata usipouona, upo. Osha kisu, kipakae mafuta ya taa, kiache dakika kadhaa, kifute kikauke kabisa halafu kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kisu chenye ufa hakiponi, usikichomelee, usimuuzie mtu, kikate utoe visu vidogo viwili kama ufa uko pembeni.

Ufa unatoka wapi? Kama ulizima kwenye maji basi jibu unalo, springi ni chuma cha mafuta, maji yanakishtua. Kama ulitumia mafuta na bado kimepasuka, angalia ufa umeanzia wapi. Umeanzia pale mpini unapokutana na bapa, kwenye kona kali ya mraba? Kona kali zinakusanya nguvu zote, zipige duara na tupa ya mviringo kabla ya moto. Umeanzia kwenye makali? Uliyasaga yakawa membamba mno mapema, kabla ya kuzima acha makali unene wa milimita 1 hadi 1.5, kumalizia kusaga ni baadaye. Umekatiza katikati ya bapa bila sababu yoyote? Hapo inawezekana springi yenyewe ilikuwa na nyufa toka barabarani, imebeba mizigo miaka na miaka. Siku hizi kila springi ninayoleta nyumbani naipiga kipimo cha mafuta ya taa na chaki kabla sijaikata, na ile sehemu ya katikati yenye tundu la bolti siitumii.

Kimevunjika? Usikitupe kwanza, angalia mahali kilipovunjikia. Ukiona punje kubwa zinazometameta kama sukari, ulikipasha kupita kiasi. Kinatakiwa kiwe kijivu laini kama kauri. Dawa ya punje kubwa kwenye kisu kinachofuata ni kukipasha mpaka sumaku iache kushika, kukitoa na kukiacha kipoe chenyewe hewani mpaka kiwe cheusi, halafu kurudia mara tatu. Haina gharama hiyo zaidi ya mkaa.

Kimepinda kama ndizi

Kupinda kupo, hata kwa mafundi wazoefu. Sababu kubwa mbili ni kusaga upande mmoja zaidi ya mwingine, na kukitikisa kisu kulia kushoto kikiwa ndani ya mafuta. Kiingize wima, ncha kwanza, kisogeze juu chini au kuelekea makali na mgongo kama unakata, basi.

Kikitoka kimepinda una sekunde chache. Bado kina nyuzi 200 na kitu, hakijakamilisha kuwa kigumu, kibane kati ya mbao mbili nzito na ukinyooshe na mikono yenye glavu. Kikishapoa USIKIPIGE nyundo, kitakatika kama kioo, nimeshaona kisu cha siku tatu kinaisha kwa pigo moja. Kikishapoa dawa ni kukinyoosha wakati wa moto mdogo: kibane kwenye kipande cha angle iliyonyooka, weka sarafu chini ya tumbo la kupinda na ukaze klampu mpaka kipinde kidogo upande wa pili, kitie kwenye oveni hivyo hivyo. Mara nyingine inabidi urudie mara mbili tatu, ongeza kidogo kidogo.

Makali yanamegeka, au yanajikunja

Hizi ni dalili mbili tofauti na watu wanazichanganya. Chukua kucha, ipitishe kwenye makali. Ukihisi vishimo, yamemegeka, chuma ni kigumu mno. Ukihisi makali yamelala upande mmoja kama mdomo wa bati, yamejikunja, chuma ni laini au umeyafanya membamba mno kwa kazi yake.

Yakimegeka chanzo kikubwa ni kuruka au kuharakisha ile hatua ya moto mdogo. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu lakini kinavunjika, lazima kirudi kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kirudi tena saa mbili. Kisugue kwanza na msasa mpaka king'ae ili uone rangi. Unatafuta manjano ya nyasi kavu. Ikifika kahawia umelegeza zaidi, hiyo inafaa panga, ikifika bluu kwa kisu cha jikoni umepitiliza. Oveni za nyumbani namba zake hazina ukweli sana, nunua kipimajoto cha kuweka ndani. Huna oveni? Sufuria ya mchanga mkavu kwenye jiko la mkaa, kisu kizikwe ndani, na uangalie rangi kila mara. Inachosha ila inafanya kazi.

Kama ulifanya yote hayo na bado yanamegeka sehemu moja tu, angalia hapo kama kuna doa la bluu. Hilo ni grenda. Baada ya chuma kukomaa, kusaga kunachoma makali haraka mno, sekunde moja tu na pale hapatarudi. Baada ya kukomaza mi situmii tena diski za grenda kwenye makali, natumia mkanda mpya wa msasa au tupa ya almasi na mkono, vidole vikiwa wazi bila glavu ili nisikie joto, na kila nikipitisha mara moja natumbukiza kwenye maji. Doa likishatokea, saga polepole mpaka ulipite lote, kisu kitapungua upana, hakuna namna.

Mpini: nafasi, nyufa, kucheza

Drili inateleza haingii kwenye chuma? Ulikomaza kabla ya kutoboa. Toboa kabla, tundu liwe kubwa kidogo kuliko pini inayoshikanisha ubao na chuma.

Ukiona nafasi kati ya ubao na chuma muda mfupi baada ya kubandika, chuma au ubao haukuwa sawasawa. Ulaze msasa kwenye kioo cha dirisha, usugue vyote viwili juu yake, vinyanyue kuelekea taa, mwanga usipite. Nafasi ikitokea baada ya mwezi mmoja au miwili, ubao haukukauka. Hili nalo lina kipimo rahisi: pima ubao kwenye mizani ya jikoni kila wiki, uandike. Uzito ukiacha kushuka ndo umekauka.

Mpingo una habari yake. Naupenda kupita mbao zote, ni mzito mpaka unazama majini, unang'aa bila vanishi, na vipande vinavyobaki kwa wachongaji pale Mwenge vinatosha kabisa mpini. Lakini una mafuta ndani yake na gundi haishiki. Usugue na msasa namba 60, ufute na asetoni mpaka kitambaa kisitoke na rangi, upake gundi ya epoksi hapo hapo, usiuache mpaka kesho. Usikaze klampu mpaka gundi yote itoke, ikaze tu ishikane. Na ukimalizia kusaga pini za shaba nyeupe, simama kila baada ya muda, pini inapata moto inaulegeza ule ukingo wa gundi ndani na wewe huoni, utakuja kuona maji yameingia miezi sita mbele. Vumbi la mpingo linawasha kifua na ngozi, vaa barakoa nzuri. Mninga ni mpole zaidi, kama unaanza anza nao.

Ubao ukipasuka wakati unagongea pini, tundu lilikuwa limebana mno. Pini iingie kwa kusukuma na kidole, gundi ndo inashika.

Ala

Ala watu wanaimalizia haraka kwa sababu wamechoka na kisu, na inaonekana.

Tatizo la kwanza, ngozi haishiki umbo la kisu hata uiloweshe vipi. Angalia pale ulipoikata. Ndani ikiwa na rangi ya kijivu ya bluu bluu hiyo ni ngozi ya kromu, ya mikoba na viatu, ni laini na haitashika umbo. Unataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama miwati ile inayolimwa Njombe, ukiikata ni kahawia mpaka ndani, na tone la maji linaizamisha rangi mara moja. Unene milimita 3 hivi.

Kisu kinakata nyuzi: hukuweka kipande cha ngozi katikati pale upande wa makali. Kile kipande chembamba kinachofuata ukingo wote ndo kinagusana na makali badala ya uzi. Bila hicho ala ni hatari, iko siku makali yatatokea kwenye paja la mtu. Hili sifanyi nalo mchezo, ala isiyo na hicho kipande haitoki kwangu.

Mshono unafumuka wote baada ya uzi mmoja kukatika: ulishona kwa cherehani. Shona kwa mkono, sindano mbili, uzi mmoja wenye nta, kila tundu linapitwa na sindano zote mbili kutoka pande tofauti. Hapo uzi ukikatika mahali pamoja upande wa pili unabaki umeshika. Matundu yatoboe na maharazi, fundi viatu yeyote atakuonyesha namna ya kuishika isipinde.

Kisu kinadondoka ukigeuza ala: hukukiweka ngozi ikiwa na maji. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yaishe, kifunge kisu kwenye nailoni, kiingize, kandamiza na vidole pale mpini unapoanza mpaka ngozi ilishike lile bega. Kausha kivulini siku nzima au mbili. Juani au karibu na moto ngozi inasinyaa, inakuwa ngumu kama ganda na kupasuka, na hairudi. Ikishakauka paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, kidogo kweli, mafuta mengi yanailegeza upya.

Madoa meusi kwenye ngozi: chuma kimegusa ngozi ikiwa mbichi, dawa ya magome na chuma vinatengeneza wino. Hata unga wa tupa uliobaki mezani unatosha kuharibu. Futa meza kabla. Doa dogo linatoka kwa maji ya ndimu, suuza baadaye.

Kutu ndani ya ala

Nilimtengenezea mzee mmoja mwenye bucha kisu nilichokipenda sana, mpini wa mpingo, ala nimeshona usiku mbili. Wiki tatu akanirudishia kina vidoti vya kutu bapa zima, na alikuwa anakiosha na kukifuta kila siku, hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia asikilaze ndani ya ala. Ngozi inashika unyevu na ina chumvi na asidi za kutengenezewa, na hapa Pwani hewa yenyewe ina chumvi. Ala ni ya kubebea. Nyumbani kisu kilale nje, kimefutwa, kimepakwa mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa.

Kile cha mzee nilikisugua na msasa wa maji namba 600 halafu 1000, vidoti vikatoka, nikatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ala ili maji yasikae chini. Bado anakitumia, na akimaliza kazi anakitundika ukutani, ala inabaki kwenye msumari wake pembeni.